Mtu wa Manowari na Kaburi la Mgomba

Redio ya dukani kwangu huwa siisikilizi. Naiacha iongee tu ili wateja wasidhani nimelala. Siku hiyo nilikuwa napitisha cheti cha kuzaliwa cha mtu kwenye mashine ya kulamineti, hapa hapa Kasulu mjini, mtangazaji akasema kuna watafiti wanajiandaa kutafuta mabaki ya manowari ya Wajerumani iliyozama ziwani wakati wa ile vita ya zamani. Wanaomba koo zote ambazo wazee wao walifanya kazi ndani yake zifike ukumbi wa parokia Jumamosi ya wiki inayofuata, zije na chochote zilichonacho: jina, hadithi, picha, hata kifungo cha koti.

Nilipiga yowe. Cheti kikaingia upande, mashine ikakitafuna kama ng'ombe anavyotafuna jani la mgomba.

"Mama, cheti changu!" mwenye cheti akafoka.

"Cheti utapata kingine," nikamwambia, nimemshika mabega yote mawili. "Mimi nimempata babu!"

Cheti kingine alikipata, nilimhangaikia mwenyewe, ila hadi leo tukikutana sokoni ananitazama kwa jicho la pembeni. Simlaumu. Nilivyofurahi siku ile hata mimi ningejiogopa.

Nieleze kwanza, maana asiyejua ataona nimerukwa na akili. Kwetu sisi manowari si habari ya redioni. Ni mambo ya nyumbani. Babu yangu mzaa baba naye alikuwa na baba yake, na huyo ndiye tunayemwita babu wa manowari. Wajerumani walipokuwa wakikusanya watu wa kubeba mizigo huku milimani, askari wao walimchukua wakamshusha ziwani. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Alikikata mwenyewe kwa shoka akipasua kuni ujanani. Kwa kufunga mizigo hakufaa sana, lakini kifua alikuwa nacho na mgongo alikuwa nao. Wakamweka chini kabisa melini, penye tanuri, kazi yake kuchochea kuni mchana kutwa ili meli ipate nguvu ya kwenda. Siku moja meli ikakutana na mizinga mikubwa kuliko yake, ikazama. Habari zikapanda milima hadi kwetu: waliokuwa chini kwenye moto wamekwenda nayo wote.

Sasa, wazee wetu hawakujua kuomboleza hewa. Maiti ikikosekana ulikatwa mgomba, shina lenye urefu wa mtu, likaviringishwa kwenye mkeka, likalazwa kaburini kwa heshima zote, na watu wakanyoa vichwa. Ndivyo walivyomfanyia. Matanga yalipoanuliwa, mdogo wake akamrithi mjane, kama ilivyokuwa desturi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa akahesabiwa kuwa wa marehemu. Mtoto huyo ndiye babu yangu. Damu ni ya mdogo mtu, kila mmoja wetu analijua hilo na hakuna anayelisema. Mahari alitoa mkubwa, kaburi ni la mkubwa, basi na mtoto ni wake. Ila desturi hiyo ilikuwa na sharti moja tu: mwenye mke awe amekufa kweli.

Kaburi lenyewe lipo mpaka kesho. Liko nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kijijini nje kidogo ya mji wa Kibondo, upande wa kuelekea ilipokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Limezungushiwa mawe, na kila kiangazi shangazi hulipalilia kwa mikono yake, ingawa amekwisha kupita miaka themanini na magoti yake yanalia kama mlango mbovu. Ukimwambia, "Shangazi, humo umo mgomba tu," atakutazama mpaka ujute kuzaliwa.

Hakujaliwa mtoto. Aliolewa, akarudi nyumbani, akalima, akatulea sisi watoto wa kaka yake. Katika mikutano ya kijiji wenzake hujitaja kwa watoto na wajukuu, yeye husimama na kusema ni mjukuu wa mtu aliyekufa kwenye manowari. Watu humtania. Hajali. Aliwahi kuniambia, "Wenzangu wana wajukuu wa kuwataja. Mimi nina babu."

Kwa hiyo baada ya kumaliza kupiga yowe nikampigia simu. Shangazi simu huishika kama chungu cha moto na husema kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Mwakeye!" akaamkia.

"Mwakeye, shangazi. Wanatafuta meli!"

"Meli gani?"

"Ya babu! Majina yatasomwa mbele za watu, halafu siku ya siku familia zitapelekwa ziwani kuwaaga wazee wao. Na fomu zipo. Wazee wa ukoo waweke sahihi kwamba wewe ndiye mjukuu wake, basi."

Nikasikia kuku tu. Nikadhani salio limekwisha. Kumbe alikuwa ameiweka simu chini akaenda kukaa, maana niliposikia tena sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekaa.

"Nitamwona," akasema. "Mwanangu, ziwa sijawahi kulitia machoni. Nataka wamsome na mimi nikiwa nimesimama. Halafu nikalale."

Wiki hiyo sikufanya kazi, nilicheza tu. Nilimkatia shangazi kitenge kipya. Niliwatangazia wateja wote, hata waliokuja kununua kalamu moja. Mungu naye akazidisha: waandaaji wa ile Jumamosi wakaleta dukani kwangu bahasha nzima ya karatasi za zamani niwatolee kopi za kubandika ukutani. Nikawaambia mashine yangu ni bora wilaya nzima, jambo ambalo si kweli.

Karatasi nyingi zilikuwa za Kijerumani, zimejaa mihuri na maandishi yaliyolala. Nne zilikuwa za Kifaransa, zimeandikwa na Wabelgiji walioingia Kigoma baada ya Wajerumani kuondoka. Kifaransa sikijui, lakini nina mtu. Ni Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, huko kwao alikuwa mwalimu, hapa anauza vitenge na vocha kwa kibali na kupumzikia kwenye benchi la duka langu. Watu wa kambini wakitafuta ndugu zao waliopotea vitani, yeye ndiye huwasomea karatasi. Amesoma majina mengi ya watu waliopotea kuliko mtu yeyote ninayemjua, na ndiyo maana hasomi haraka.

Nikampa zile nne, mimi nikaendelea kulisha mashine. Alipofika ya tatu akanyanyua kidole.

"Maman, ngoja kwanza. Babu yenu alikatikaka kidole gani?"

"Gumba. Kushoto."

"Na baba yake alikuwa anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akageuza karatasi nione, japo aliona wazi siwezi kuisoma. Jina la babu nikalitambua, limepindapinda kizungu lakini ni lenyewe, na la baba yake limeandikwa mbele yake.

"Hapa banasema banamutoa mu maji," akasema, "yeye na benzake bane. Banamubebesha mizigo mupaka vita ilimalizika. Kiisha banamuachilia arudie kwabo. Maman, ule mutu hakukufa."

Sijui hata niwaambie nini kuhusu dakika zile. Nilitoka nje nikapiga vigelegele barabarani. Fundi viatu wa jirani akaacha kiatu akaja kuuliza nani ameolewa. Babu yangu wa manowari, aliyekuwa chini ya maji maisha yangu yote, aliogelea! Alitoka! Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Nikachukua simu, nikarekodi sauti, nikaituma kwenye grupu la ukoo ambamo wamo watu wa Kibondo, Kasulu, Dar es Salaam na mpaka mmoja wa Mwanza ambaye hatujui aliingiaje: "Ndugu zangu, babu wa manowari hakufa ziwani! Karatasi ninayo mkononi! Aliokolewa, akaachiliwa baada ya vita arudi nyumbani! Mungu mkubwa!"

Nikarudi ndani nahema. Mkongo wangu alikuwa bado amekaa, karatasi juu ya magoti.

"Maman," akasema polepole, "kama alirudiaka kwabo baada ya vita, ile siku bibi yake alikuwa na nani?"

Bibi kwao ni mke, na hapo ndipo nilipoelewa nimetangaza nini. Ulimi hauna mfupa, na mimi wangu hauna hata pa kuufungia. Nilikimbilia simu niifute ile sauti. Watu kumi na tisa walikuwa wamekwisha kuisikiliza, na wa kwanza kati yao alikuwa mzee mkubwa wa ukoo kule Kibondo, ambaye kwa kawaida simu yake hukaa siku tatu bila chaji.

Jibu lake lilikuja kabla ya chakula cha mchana, na alilitoa kwa utulivu unaotisha. Kama mkubwa alikuwa hai, akasema, basi mjane hakuwa mjane. Mdogo alimchukua mke wa kaka yake aliye hai, na mtoto aliyezaliwa hakuwa mtoto wa marehemu, alikuwa mtoto wa aibu, Mungu atusamehe. Kwa hiyo kwenye fomu ya manowari ukoo hauwezi kuweka sahihi kwamba binti wa mtoto yule ni mjukuu wa mtu wa meli. Wazee wawili wengine wakaunga mkono. Yule wa Mwanza akatuma alama ya mikono iliyokutanishwa.

Nikampigia shangazi. Alikuwa amekwisha kuambiwa.

"Umenitolea babu kaburini," akasema, "ukaniwekea nini?"

"Shangazi, mimi nilifurahi tu..."

"Data amelala pale miaka arobaini," akasema. Data ndiye baba yake, yaani babu yangu. "Alizikwa mtoto wa mtu. Leo umemwamsha umemwambia yeye mtoto wa aibu. Kitenge chako ukivae mwenyewe."

Simu ikakatwa. Nilikaa kwenye benchi pamoja na Mkongo, na yeye, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akazikusanya zile karatasi akazirudisha kwenye bahasha.

Jumamosi nilikwenda ukumbini kwa sababu nilikuwa nimeahidi kuandikia watu fomu, na pia kwa sababu, niseme ukweli, sikuweza kukaa mbali. Roho inauma lakini miguu inakwenda. Na ukumbi ulikuwa umechangamka kuliko harusi! Watu walitoka Munanila na njia zote za huku milimani. Waha tukikutana salamu peke yake ni kazi ya nusu saa, makofi na kuulizana habari za nyumba, za ng'ombe, za mvua, kwa hiyo mpaka saa tano hakuna kilichokuwa kimeanza na hakuna aliyekasirika. Kila mtu babu yake ndiye aliyeshika usukani. Nilihesabu manahodha saba kwa meli moja. Mama mmoja alileta kifungo cha shaba amekifunga kwenye leso tatu, kila leso ndani ya nyingine, na alipokifungua watu walinyamaza kama kanisani. Mzee mwingine akasema babu yake ndiye aliyewafundisha Wajerumani kuogelea. "Mbona hakumfundisha vizuri yule aliyezama?" wakamtania, akacheka mwenyewe mpaka kikohozi kikamshika.

Nilikuwa naandika huku nacheka, na kila nikicheka namkumbuka shangazi, kicheko kinakauka.

Saa saba hivi akaja mzee mmoja aliyechelewa. Alikuwa na koti zito la kaki na baiskeli aliyokataa kuiacha nje. Akaiegemeza ukutani, akapiga makofi ya salamu, akakaa mbele ya meza yangu. Alitoka Makere.

"Jina la mzee wako?" nikamuuliza.

Akalitaja. Halikuwa jina ninalolijua.

"Alifanya kazi gani melini?"

"Moto. Alichochea moto."

"Kwao wapi?"

"Hapo acha wazi," akasema. "Alikuja Makere mtu mzima, peke yake, akaomba shamba. Kwao hakupataja hata siku moja. Hata jina hilo, marehemu bibi alituambia silo alilozaliwa nalo. Babu alisema la kuzaliwa lina mwenyewe." Akainua mkono wake wa kushoto, akakunja kidole gumba ndani ya kiganja. "Alama yake ilikuwa hii. Alishika jembe kwa vidole vinne hapa."

Kalamu nikaiweka chini. Yowe lilinifika mdomoni, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliufunga mdomo. Watu wasio na vidole ni wengi, nikajiambia. Nikatafuta swali ambalo mtu hawezi kulijibu kwa kubahatisha.

"Mzee wangu, nyumbani kwenu nyama ya pongo mnakula?"

Akanitazama kwa mshangao. "Pongo? Hatugusi. Majirani wote wanakula, sisi babu alitukataza. Alisema kwa damu yetu ni mwiko."

Kwetu pia ni mwiko. Tangu enzi. Mtu wa ukoo wetu akila pongo, ngozi humbabuka, au ndivyo tulivyotishwa tangu utotoni. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikamshika mzee wa watu mikono yote miwili juu ya fomu za watu, nikamwita kaka, nikamwita baba, sikujua hata nimwite nani. Nikamweleza yote: karatasi, mgomba, kaburi, shangazi, wazee wa ukoo. Naye akawa anatikisa kichwa taratibu, na nilipofika kwenye kaburi akafumba macho.

"Kumbe liko Kibondo," akasema.

"Unalijua?"

"Nalijua kwa maneno. Babu alituambia jambo siku aliyokuwa akiaga dunia. Nilikuwepo, kijana wa kuota ndevu, nimemshikia kikombe cha maji."

"Alisema nini?"

Akaanza kufunga vifungo vya koti lake. "Sitalisema hapa ukumbini. Lina mwenyewe, na sasa naona mwenyewe ni huyo dada yangu. Nipeleke."

Hapo nikaogopa kweli. Karatasi peke yake mtu angeweza kuikana, akasema Mbelgiji alikosea. Lakini huyu alikuwa ushahidi wenye miguu: mjukuu hai wa mtu aliyekwisha kuzikwa. Nikimpeleka, ndiyo namaliza kumvua shangazi nguo mbele ya wazee. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupamba. Akanijibu kwamba ameishi na neno hilo zaidi ya miaka sitini bila kujua alipeleke wapi, na kwamba kama siendi, atakwenda na baiskeli yake, ataulizia njia.

Tulifika kwa shangazi kesho yake baada ya ibada. Wazee watatu wa ukoo walikuwa wamekwisha kuketi sebuleni, maana habari hutangulia. Fomu ilikuwa juu ya meza, kalamu juu yake, na hakuna aliyeigusa. Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa nyuma, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Mimi hakunitazama kabisa.

Mzee wa Makere akasita mlangoni. "Nasikia kwa desturi ya hapa," akasema, "aliyezikwa akirudi haingii mlangoni."

"Wewe hujazikwa," shangazi akamjibu bila kugeuka. "Pita."

Akapita, akapiga makofi, akasalimia mmoja mmoja. Mzee mkubwa wa ukoo akamuuliza maswali yake, ya kidole, ya pongo, ya mwaka babu yake alipohamia Makere. Akajibu yote. Kila jibu lilikuwa sahihi na kila jibu lilinichoma. Mwishowe mzee mkubwa akaegemea nyuma.

"Basi mambo yako wazi," akasema. "Mtu wa manowari alikuwa hai, na uzao wake uko Makere. Fomu tutaiwekea sahihi, ya Makere."

Nikamtazama shangazi. Niliona mikono yake imeshikana mapajani, na nikatamani ardhi inimeze mimi, redio yangu na mashine zangu zote.

"Bado sijasema nililojia," mzee wa Makere akasema.

Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Babu alisema hivi. Alipoachiliwa na Wabelgiji alipanda milima siku nyingi, akafika kwao asubuhi. Akapitia upande wa migomba ili awashtukize. Akakuta kaburi. Palikuwa na bibi mmoja akichota maji, macho yake hayaoni vizuri, akamuuliza hili la nani. Bibi akamtajia jina lake yeye mwenyewe. Akasema alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Alijua miiko yenu, kwamba aliyezikwa akiingia nyumbani, kaburi hudai mmoja wa waliomzika. Lakini alisema si hilo lililomfanya ageuke."

Shangazi alikuwa amegeuka sasa.

"Alimwona mkewe kwenye shamba la kunde, analima. Mgongoni ana mtoto. Mkubwa wa kutosha kucheka, maana alimwona babu kati ya migomba akamchekea. Babu akasema, akajiuliza, nikitoka hapa wanione, yule mtoto ataitwa nani? Nikiwa mfu, ni wangu. Nikiwa hai, atatupwa." Akaigeuza kofia gotini. "Akaona bora abaki mfu. Akageuka."

Mmoja wa wazee akakohoa. Mzee mkubwa alikuwa anaitazama kalamu.

"Mimi nilidhani amemaliza," mzee wa Makere akaendelea. "Nikampa maji. Akanywa, akamwita baba yangu na shangazi yangu wasogee, hao ndio watoto aliozaa Makere, wawili tu, hakuwa na wengine. Akawabariki. Halafu akatuambia tukumbuke, tusije tukasema uongo juu ya kaburi lake, kwamba yeye anaacha watoto watatu. Baba akamwambia, mzee, tuko wawili. Akakataa. Akasema watatu. Tukadhani ni homa."

Nje kuku walikuwa wanaparura majani. Machozi yalikuwa yananitiririka bila aibu, na safari hii sikutoa sauti yoyote. Shangazi akashika fremu ya mlango, akanyanyuka, magoti yakilia, hakutaka kushikwa. Akaenda hatua moja moja mpaka mbele ya mzee wa Makere, akamshika ule mkono wa kushoto akawa anaupapasa vidole, kimoja kimoja, mpaka kwenye gumba.

"Alisema wangapi?" akamuuliza.

"Watatu, dada yangu."

Shangazi akawageukia wazee, bado ameushika ule mkono.

"Rudia," akamwambia. "Kwa sauti. Hawa masikio yao yamezeeka."

Mzee wa Makere akasimama wima ndani ya koti lake zito. Akasema tena, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba babu aliacha watoto watatu, na wa kwanza alimwacha mgongoni mwa mama yake, kwenye shamba la kunde.